Kichwa cha Mwenzako

Saluni ninayosukwa iko Mwanjelwa, Mbeya, nyuma ya vibanda vya mitumba. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, dreya mbili na runinga iliyotundikwa juu ya kioo. Runinga hiyo haizimwi. Kutwa nzima inapiga Bongo Fleva, na kutwa nzima sisi tulio chini yake, vichwa vimo mikononi mwa wasusi, tunainua macho na kuwakagua wanaoimba. Wimbo hatuushughulikii. Tunakagua kichwa. "Lile wigi la lesi, tazama paji linavyong'aa, gundi hiyo." "Huyo pembeni hana kitu, ndiyo maana kila video kafunga kilemba." Wanaume nao hawasalimiki. Yule msanii aliyekata rasta akabaki na kipara, amenyoa kwa kupenda au utosi umeanza kumwisha? Na yule mheshimiwa wa miaka sitini na zaidi, mwenye nywele nyeusi tii, ni piko au kuna kitu kimebandikwa?

Nilikuwa hodari wa mchezo huo. Msusi wangu alinifundisha alama zake. Nywele za mtu hazianzi kwa mstari. Mbele kabisa ni malaika, vile vinyweleo laini vya rangi ya vumbi, kisha nywele nyembamba zilizotawanyika, kisha ndipo kichaka chenyewe. Wigi huanza kwa mkupuo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wakabuni lesi, kitambaa chepesi kama utando wa buibui kinachofungwa unywele mmojammoja, na wavaaji hung'oa nywele chache za mbele kwa kibano ili wigi nalo lipate malaika wake. Tazama upepo, aliniambia. Msanii akirekodi video ufukweni, upepo hucheza na nywele zote isipokuwa za mbele. Kwa wanaume, tazama kapelo isiyovuliwa hata ndani ya studio, au mstari wa paji uliochongwa kwa wembe na kujazwa rangi ili uonekane umenyooka kama ulivyokuwa ujanani.

Nilichochelewa kukiona ni kwamba karibu kila aliyeketi pale akikagua alikuwa na lake la kukaguliwa. Juu ya masikio na kwenye kingo za paji nywele ni dhaifu. Ukizivuta mfululizo kwa rasta nzito, kwa mistari iliyobana ya kushonea wivingi, kwa gundi inayobanduliwa na ngozi, shina linaumia. Ukiacha mapema zinaota tena. Ukiendelea mwaka baada ya mwaka, tundu la unywele hufunga kovu na halifunguki. Zangu za upande wa kushoto zilikwenda nilipokuwa na miaka thelathini na mbili. Nikazifunika kwa rasta nyingine, ambazo zilizivuta zile chache zilizobaki.

Basi kwa nini tulikuwa tukiwachambua wale wa kwenye runinga? Nadhani tulikuwa tukitafuta wenzetu. Tulitaka kujua kama mwenye jina na fedha naye huamka asubuhi akakuta nywele kwenye mto. Hamu hiyo siilaumu hata leo. Ninachokilaumu ni namna tulivyoitimiza, kwa kuwavua watu wasiokuwepo kujifunika.

Juni iliyopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Iringa. Alisema, "Njoo unisaidie jambo la kichwa." Hakuongeza neno, nami nikapanda basi la asubuhi, Makambako, Mafinga, hadi Iringa, nimevaa mzula na koti zito maana mwezi huo baridi ya nyanda zetu hukata mifupa. Shangazi anaishi Kihesa. Ni dada mkubwa wa baba yangu, ambaye ajira ya TAZARA ilimhamishia Mbeya, na ndiye aliyebaki kuwa nguzo ya ukoo upande wa Uhehe. "Kamwene," nikamwamkia mlangoni. "Kamwene, mwanangu." Alikuwa amejitanda khanga kichwani hadi kwenye nyusi, na nyusi zenyewe hazikuwepo.

Tulijua alikuwa akitibiwa saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nilichokuwa sijakifikiria ni wiki ya tatu. Dawa zile huwinda seli zinazogawanyika kwa haraka, na zile zinazootesha unywele ni kati ya zenye haraka kuliko zote mwilini. Dawa haziwezi kutofautisha uvimbe na shina la unywele. Kwa wengi, baada ya wiki mbili au tatu tangu dozi ya kwanza, nywele huachia, na haziachii moja moja. Shangazi alisema zake alizifagia kwa ufagio wa chelewa, asubuhi moja, akazitia kwenye karatasi ya gazeti na kuzifukia chini ya mparachichi.

Jambo la kichwa lilikuwa wigi. Alilinunua mjini, fupi, lenye mvi zilizochanganywa na nyeusi, la kadiri ya umri wake, lakini hakujua namna ya kulitunza. Nikamwonyesha: maji ya baridi na shampuu kidogo, usilikamue, lipangusie kwa taulo, lianike juu ya kitu cha duara, na chini yake vaa kofia ya soksi ili lisikuchune ngozi. Tukaliosha uani pamoja, katika beseni la plastiki. Nikamuuliza kwa nini asifunge kilemba tu, kama wanawake wengi wa rika lake.

"Kilemba kinasema ninaumwa," alinijibu. "Hili halisemi kitu."

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo sisi wa saluni tulikuwa tumevifanya kimoja. Mtu huficha kitu, na mtu husitiri kitu. Mwizi huficha. Mdaiwa huficha. Lakini nguo humsitiri aliyeivaa, nyumba humsitiri aliyelala ndani, na jirani aliyeona aibu yako akanyamaza amekusitiri. Hata maiti tunapomrudisha ardhini tunasema tumemsitiri. Anayeficha anakunyima kitu ambacho ni haki yako kukijua. Anayesitiri anakilinda kitu ambacho hakikuwa chako tangu mwanzo. Sasa utosi wa msanii ambaye sijapata kukutana naye, ambaye ameniuzia sauti yake na si kichwa chake, ni haki yangu ya nini?

Usiku ule, tukiota moto wa jiko la mkaa, shangazi aliniambia kuwa hilo si wigi lake la kwanza. La kwanza alilivaa Dar es Salaam alipokuwa na miaka kumi na tisa, akisomea kazi ya upigaji chapa. Lilikuwa jeusi, limeumuka juu, kama walivyovaa waimbaji wa kike wa Marekani kwenye majalada ya santuri. Kisha ikaja Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na mawigi vingepigwa marufuku jijini. Vijana hawakuingoja Januari. Mwezi uleule wa Oktoba makundi yalianza kuwavamia wanawake Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, wakiwapigia kelele na kuwachania nguo.

"Walikuwa wanatazama vichwa," alisema shangazi. "Unapita, mtu anakutazama hapa," akajigusa paji, "kama karani anayekagua mzigo." Wigi alilitia ndani ya sufuria, akafunika na mfuniko, akaipandisha juu ya kabati. Hakulivaa tena, na hajui lilikoishia.

Sitaki kuwadharau waliopiga marufuku ile. Hoja yao ilikuwa na uzito. Nchi ilikuwa na miaka saba tu ya uhuru, na walimwona msichana wa Kitanzania akijitwika nywele za mbali, zilizonyooka, kana kwamba zake hazitoshi. Swali hilo ni la kweli na mimi ninalo hadi leo kila ninapolipia wivingi. Ila swali la namna hiyo mtu hujiuliza mwenyewe mbele ya kioo chake. Likiulizwa na kundi kwenye kituo cha basi, huwa si swali tena.

Tangu hapo kichwa cha mwanamke hakijawahi kuondoka kabisa katika shughuli za umma. Septemba 2018 Spika wa wakati ule, Job Ndugai, alipiga marufuku kope na kucha za bandia bungeni. Juni 2019 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, akisoma bajeti Dodoma, alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mwanjelwa siku hiyo palichangamka. Wanaume waliokuwa wakisubiri wake zao mlangoni walifurahi wazi: sasa tutawaona walivyo. Katika maneno yote niliyoyasikia wiki ile, na nilisikia mengi, hakuna aliyemtaja mgonjwa. Hata mimi sikumtaja.

Na wigi lina historia ambayo wachekaji wangeshangaa. Mfalme Louis XIII wa Ufaransa alianza kuvaa nywele za bandia miaka ya 1620, akiwa kijana bado, kwa sababu nywele zake zilikuwa zikimwisha. Watumishi wa ikulu wakamwiga, mwanawe Louis XIV akalifanya kuwa vazi la enzi, Charles II akarudi nalo Uingereza mwaka 1660, na kabla ya karne ile kwisha wanasheria wa London walikuwa nalo vichwani. Meli za dola zikalileta hadi huku. Kwa jirani zetu Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga aliyeingia mwaka 2011 aliliondoa, na mrithi wake David Maraga, kuanzia 2016, akalirudisha. Upara wa kijana mmoja, uliositiriwa karne nne zilizopita, umekuwa alama ya haki, na watu husimama wigi hilo linapoingia mahakamani.

Wanaume wa huku kwetu wamepewa faraja yao. Mwenye kipara huambiwa kipara ni pesa, na wengi hulichukua neno hilo kwa furaha, maana linageuza kupungukiwa kuwa kujaaliwa. Nililipenda nami mpaka mwaka 2017. Juni ya mwaka huo, polisi wa Msumbiji walitangaza kuwa wanaume wenye vipara walikuwa wameuawa wilayani Milange, mkoa wa Zambezia, kwa imani kwamba ndani ya kichwa cha namna hiyo mna dhahabu. Polisi walisema viungo vyao vilikusudiwa kwa wateja wa waganga, na katika nchi walizozitaja Malawi ilikuwemo na Tanzania ilikuwemo. Milange inapakana na Malawi, na Malawi inapakana na sisi, ng'ambo ya mto Songwe. Nilikuwa na kaka wa mama, mwenye kipara tangu ujana, aliyekuwa akienda Kasumulu kununua mchele wa Kyela. Miezi ile alivaa pama siku zote, jua na mvua. Watu walimkisia: ameanza kuona haya uzeeni. Alikuwa anaogopa.

Asubuhi ya Jumamosi shangazi alitaka kupumzika, nami nikachukua daladala hadi Kalenga. Si mbali na mji, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nilikwenda mara ya mwisho nikiwa darasa la sita, pamoja na shule nzima, wavulana kwa wasichana tumenyolewa sawasawa kama shule za serikali zinavyotaka, mamia ya vichwa vidogo vitupu vikipanga foleni kuona kichwa kimoja.

Kipo ndani ya sanduku la kioo. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyeliangamiza jeshi la Emil von Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambaye ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, aliwahangaisha Wajerumani porini kwa miaka karibu minne zaidi. Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Sajini Merkl aliyemkuta aliamuru kichwa kikatwe, akakipeleka kambini Iringa, na baadaye kikasafirishwa Ujerumani. Mwaka 1919 jina lake likaandikwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi fuvu kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini.

Namna lilivyopatikana ndiyo iliyonisimamisha mbele ya kioo kile safari hii. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapata 2,000. Yaliyotoka Afrika Mashariki yakatengwa. Vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai vilikuwa vimechukuliwa, upana kwa urefu, na mafuvu yakalinganishwa navyo. Kati ya yaliyokaribiana, moja lilikuwa na tundu la risasi. Likachaguliwa hilo. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Lilikuwa kisio. Kisio la uangalifu, lenye vipimo na hoja, lakini kisio juu ya kichwa cha mtu mashuhuri, na wasomi hawajaacha kulijadili. Nilisimama pale nikiwaza kwamba kabla ya kipimo cha Bremen kulikuwa na kisu, na kwamba kupima kule kulihitajika kwa sababu kwanza kulikuwa na kuchukua. Hakuna mtu aliyewahi kuangaliwa kichwa kwa muda mrefu zaidi katika nchi hii. Mwili wake uko Mlambalasi, umesitiriwa. Kichwa, kama ni chake, kiko juu ya ardhi, kwenye mwanga, na watoto wa darasa la sita wanakikaribia hadi pumzi zao zinaacha ukungu kwenye kioo.

Babu yangu, baba yake shangazi, alikuwepo siku ile ya 1954. Alitembea kutoka kijijini usiku kucha. Baba yangu aliwahi kumuuliza kama aliamini kweli ni yeye. Babu alisema, "Tulikuwa tumechoka kumngojea." Sijasikia jibu jingine juu ya fuvu lile ninaloliheshimu kuliko hilo. Hakusema anajua. Alisema amempokea.

Niliporudi Kihesa wigi lilikuwa limekauka juu ya mtungi uliopinduliwa, na shangazi amewasha runinga. Tukala ugali na mlenda, na muziki ukaja, na msanii mmoja akaja, mashuhuri sana, nywele zimemfika kiunoni. Niliiona lesi mara moja. Nikanyamaza, nikatazama sahani yangu, nikijisikia mtu aliyeacha ulevi.

"Amevaa huyo," alisema shangazi.

Sikujibu.

"Amevaa vizuri. Mtazame hapa pembeni, wamemtolea malaika. Nani aliyemvalisha huyu mtoto?" Alisogeza kiti. Alitazama video nzima hivyo, kama fundi cherehani anavyotazama mshono wa fundi mwenzake, na ilipoisha akasema kwa sauti ya chini, "Amesitirika."

Nilikuwa nimepanga kumweleza fikra zangu zote za Kalenga, kwamba tusikisie tena. Na hapa kulikuwa na mkisiaji mkuu kuliko wasusi wote wa Mwanjelwa, na kisio lake halikumvua mtu chochote. Nikamuuliza kama haoni vibaya kumsema mtu hivyo. Akafikiri. "Mimi simwambii mtu," alisema. "Nakwambia wewe uliyeliosha langu." Kisha akaongeza kwamba kule Ocean Road, kwenye benchi la kungojea, wanawake waliovaa walikuwa wakitambuana kwa kutazamana mara moja tu, na aliyekuwa na kioo cha mkononi alikipitisha kwa mwenzake bila kuombwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alivaa gauni la kahawia na sweta, akachora nyusi kwa wanja, mkono ukitetemeka kidogo, akasimama katikati ya sebule akinigeuzia uso. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshapigwa mara ya kwanza, na nje upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni kwa Ruaha Mdogo. "Limekaa sawa?" aliniuliza.

Nikalivuta kidogo upande wa kushoto, nikachomeka pini mbili nyuma ya sikio kwa sababu ya upepo ule.

"Limekaa, shangazi."

Akachukua Biblia na mkoba wake, nami nikafunga mlango.